Vyama vya Marekani vilimpa nani kura, na vilimnyang'anya nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala kuhusu vyama vya kwanza vya siasa nchini Marekani na kupanuka kwa haki ya kupiga kura katika nchi ile. Hoja ninayokutana nayo mara nyingi, na ambayo mimi mwenyewe niliifundisha, ni kwamba mara Marekani ilipopata vyama viwili vyenye nguvu, vyama hivyo vilianza kugombania wapigakura, na kwa kugombania huko mlango wa kituo cha kura ukazidi kufunguliwa mpaka kila mtu akapita. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na sina nia ya kuubeza. Lakini ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomhusu mtu mweusi na mwanamke.

Nilifundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka 31. Siku moja niliandika ubaoni, kama nilivyozoea kila mwaka, kwamba katika miaka ya 1820 kura iliwafikia watu wa kawaida wa Marekani. Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, hao watu wa kawaida ni akina nani?" Nikamjibu harakaharaka kwamba ni wakulima wadogo na mafundi, kisha nikaendelea na somo kwa sababu kengele ilikuwa karibu kulia. Jibu lile limenikaa rohoni tangu siku hiyo, na barua hii ni sehemu ya deni ninalodaiwa na darasa lile.

Katiba ya Marekani iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 haikutaja vyama popote, na suala la nani apige kura iliyaachia majimbo. Karibu kila jimbo lilikuwa limerithi kutoka Uingereza fikra kwamba mwenye mali tu ndiye mwenye akili huru ya kuchagua, kwa kuwa asiye na mali humfuata anayemlisha. Huko Virginia, kufikia mwishoni mwa karne ya 18, mtu alitakiwa awe na ekari 25 za ardhi zenye nyumba, au ekari 50 zisizo na nyumba. Na kura yenyewe ilipigwa kwa sauti. Mpigakura alisogea mbele ya meza penye mahakama, akaulizwa anamtaka nani, akatamka jina hadharani huku wagombea wakiwa wameketi pale pale wakimtazama, karani akaandika, naye aliyetajwa akatoa shukrani zake. Mtu mwenye deni kwa mmoja wa wagombea alilazimika kutamka jina mbele ya yule anayemdai.

Kuna kisa kinachosimuliwa kwa jina la Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani, kuhusu sharti hilo la mali. Mtu ana punda wa thamani ya dola 50, kwa hiyo anaruhusiwa kupiga kura. Kabla ya uchaguzi unaofuata punda anakufa. Mwenyewe ameongeza umri na anaielewa serikali kuliko zamani, lakini kura hana tena. Je, kura ile ilikuwa ya mtu au ya punda?

Swali hilo halikuwa geni nyumbani kwetu. Tanganyika ilipofanya uchaguzi wake wa kura tatu mwaka 1958 na 1959, ambapo kila mpigakura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, miongoni mwa masharti ya kuandikishwa lilikuwamo la kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, na asiyekuwa nacho alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane au cheo kinachotambuliwa na serikali. Marehemu baba yangu alikuwa mkata mkonge katika shamba moja hapa mkoani Tanga, na mshahara wake haukukaribia hata nusu ya kiasi hicho. Alisimama ng'ambo ya barabara akamtazama karani wa shamba akiingia kupiga kura. Alinisimulia habari hiyo mara nyingi bila kupandisha sauti, lakini kila alipofika mwisho alinionyesha viganja vyake vilivyochanwachanwa na miiba ya mkonge.

Kwa hiyo ninaposema kwamba vyama vya Marekani vilisaidia kuliondoa sharti la mali, nasema kwa heshima. Rais George Washington katika waraka wake wa kuaga wa mwaka 1796 aliwaonya wananchi wake juu ya roho ya uvyama, lakini wakati anaandika vyama vilikwishazaliwa ndani ya baraza lake mwenyewe la mawaziri, kwa ugomvi wa Alexander Hamilton na Thomas Jefferson kuhusu benki ya taifa, madeni ya vita na urafiki na Ufaransa. Wafuasi wa Hamilton waliitwa Federalist, na wale wa Jefferson walijiita Republican, ingawa hicho si chama kinachobeba jina hilo leo. Katika uchaguzi wa mwaka 1800 Jefferson na mgombea mwenzake Aaron Burr walipata kura 73 kila mmoja kutoka kwa wajumbe wa kumchagua rais, na Baraza la Wawakilishi lilipiga kura mara 36 kabla ya kumpata Jefferson tarehe 17 Februari 1801. Federalist wakatoka madarakani bila kufyatua risasi. Jambo hilo lilikuwa kubwa wakati ule, na mpaka leo lingali kubwa popote linapotokea.

Ushindani huo ulizaa mengine. Mwaka 1824 Andrew Jackson alipata kura 99 za wajumbe dhidi ya 84 za John Quincy Adams, lakini kwa kuwa hakuna aliyefikia nusu ya kura zote, Baraza la Wawakilishi likamchagua Adams. Hasira za wafuasi wa Jackson zilikutana na ufundi wa Martin Van Buren wa New York, mtu aliyeamini kwamba chama chenye nidhamu, magazeti yake na kamati zake mpaka vijijini, ni chombo cha lazima kwa nchi ya wapigakura wengi. Matokeo yake yanaonekana katika hesabu. Kura za wananchi katika uchaguzi wa rais zilikuwa kama 350,000 hivi mwaka 1824, zikavuka milioni moja mwaka 1828 Jackson aliposhinda, na mwaka 1840, chama kipya cha Whig kilipomnadi William Henry Harrison kwa vibanda vya magogo na mapipa ya pombe ya matofaa, zikafika milioni 2.4. Mwaka 1824 bado kulikuwa na majimbo 6 kati ya 24 ambako wabunge ndio waliowateua wajumbe wa kumchagua rais. Kufikia mwaka 1832 lilibaki moja tu, South Carolina.

Hata hapo naomba msomaji asiyape majina makubwa sifa isiyo yao. Jackson hakuwaletea Wamarekani weupe kura, bali aliikuta. Vermont iliingia katika muungano mwaka 1791 bila sharti la mali, Kentucky ikafuata mwaka 1792, na majimbo mapya ya magharibi yalifanya hivyo kwa sababu yalihitaji walowezi. Vijana waliopigana na Uingereza katika vita vilivyoanza mwaka 1812 walirudi wakauliza kwa nini wanafaa kubeba bunduki na hawafai kupiga kura. Vyama viliukuta mkondo huo ukienda, vikaingiza ngalawa zao.

Sasa nije kwenye nusu iliyoachwa. Wanafunzi wengi hushangaa kusikia kwamba wanawake wa New Jersey walipiga kura tangu enzi za vita vya uhuru. Katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1776 ilitoa kura kwa wakazi wote wenye mali ya pauni 50, bila kutaja jinsia wala rangi, na sheria ya uchaguzi ya mwaka 1790, iliyohusu wilaya saba, ilimtaja mpigakura wazi kuwa mwanamume au mwanamke. Mwaka 1797 utaratibu huo ukaenea jimbo zima. Mke wa mtu hakuwa na mali kisheria, kwa hiyo waliofika vituoni ni wajane na wanawake wasioolewa, pamoja na watu weusi huru waliotimiza kiwango cha mali.

Vyama vyote viwili viliwafuata. Katika uchaguzi wa mwaka 1797 wilayani Essex, Federalist wa mji wa Elizabethtown waliwahimiza wanawake wajitokeze kumpigia William Crane, na John Condict, Republican wa Newark, akaponea chupuchupu. Miaka kumi baadaye wilaya hiyo hiyo ilipiga kura kuamua kama jengo la mahakama lijengwe Newark au Elizabethtown. Zilihesabiwa zaidi ya kura 13,000 mahali ambapo uchaguzi wa kawaida haukuwahi kufikisha hata 5,000. Watu walipiga kura mara mbili na mara tatu, watoto walipiga kura, na ilisemwa kwamba wako wanaume waliovaa magauni ili wapige tena. Udanganyifu ulifanywa na pande zote, na bila shaka wengi wa waliodanganya walikuwa wanaume weupe, lakini Bunge la New Jersey lilipokaa mwishoni mwa mwaka huo wa 1807 kurekebisha mambo, dawa iliyopendekezwa, na kutetewa na John Condict yule yule, ilikuwa kuifanya kura kuwa ya wanaume weupe peke yao. Sheria hiyo hiyo ilimlegezea masharti mwanamume mweupe mwenye mali kidogo, kwani alitosha kuwa mlipakodi tu. Federalist hawakuipinga kwa nguvu. Kila chama kilikuwa kimekwishapiga hesabu yake, na wajane wa New Jersey hawakuwamo katika hesabu ya chama chochote. Wanawake wa jimbo lile hawakupiga kura tena kwa zaidi ya miaka 100.

Tukio hilo nalirudia kwa sababu ndani yake upanuzi na unyang'anyi vimo katika sheria moja. Aliyeandika ubaoni kwamba mwaka 1807 New Jersey ilipanua kura hakusema uongo. Alisoma nusu ya sentensi.

New York ilifanya hivyo hivyo mwaka 1821, kwa ustadi zaidi. Watu weusi huru wa jimbo hilo walikuwa wakiwapigia Federalist, na walikuwa na sababu, kwani sheria ya mwaka 1799 ya kukomesha utumwa hatua kwa hatua ilitiwa saini na Gavana John Jay wa chama hicho. Republican hawakulisahau jambo hilo. Mwaka 1811 walipitisha sheria ya kumtaka mpigakura mweusi aje na hati ya kuthibitisha kwamba si mtumwa, hati ambayo mwenzake mweupe hakuulizwa. Kisha, katika mkutano wa kuandika katiba mpya mwaka 1821, ambamo Van Buren alikuwa mjumbe mashuhuri, wanaume weupe waliondolewa sharti la kumiliki ardhi, na mtu mweusi akawekewa sharti la kumiliki ardhi ya thamani ya dola 250 isiyo na deni, pamoja na miaka mitatu ya ukazi. Peter Jay, mtoto wa yule gavana, alisimama akapinga. Alishinda kwa muda, kwani wajumbe walikataa kuwafungia weusi kabisa, lakini zile dola 250 zilifanya kazi iliyokusudiwa.

Tazama basi tarehe. Utumwa ulikoma New York tarehe 4 Julai 1827. Maelfu ya watu waliopata uhuru siku ile walikuta sharti la dola 250 limekwisha kuwekwa likiwasubiri. Wananchi weupe wa New York waliulizwa mara tatu, mwaka 1846, 1860 na 1869, kama waliondoe, na mara zote tatu walikataa. Hilo ndilo swali la punda wa Franklin, ila sasa punda alikuwa wa watu weusi peke yao.

Pennsylvania sitakaa sana. Mwaka 1837 wagombea wa Democratic, chama cha akina Jackson na Van Buren, katika wilaya ya Bucks walishindwa kwa kura chache, wakalalamika kwamba ni kura za weusi zilizowaangusha, na katiba mpya ya mwaka 1838 ikaongeza neno moja mbele ya mwanamume huru: mweupe. Robert Purvis wa Philadelphia aliandika rufaa ya kupinga kwa niaba ya watu weusi 40,000 wa jimbo hilo. Wapigakura waliipitisha katiba ile kwa tofauti ndogo sana, pungufu ya kura 1,500 kati ya zaidi ya 226,000.

Rhode Island ndiyo inayonigusa zaidi, na ina uhusiano na pwani yetu. Jimbo hilo dogo lilikuwa bado likitawaliwa kwa hati ya mfalme wa Uingereza ya mwaka 1663, na mpigakura alitakiwa kumiliki ardhi ya thamani ya dola 134. Kumbuka kwamba hiyo ndiyo miaka ambayo viwanda vya pamba vya New England vilikuwa vikifuma kitambaa ambacho babu zetu walikiita merikani, kilicholetwa Unguja na meli za Marekani kufuatia mkataba ambao Sayyid Said alitiliana saini na mjumbe wa serikali ya Jackson mwaka 1833. Pamba ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Huko Rhode Island, wengi wa wanaume waliofanya kazi viwandani waliishi katika nyumba za kupanga, hawakuwa na ardhi, na kwa hiyo hawakuwa na kura.

Mwaka 1841 wakili Thomas Dorr na wenzake waliamua kutosubiri. Waliitisha mkutano wao, wakaandika katiba yao waliyoiita ya wananchi, wakaipigia kura na kumtangaza Dorr kuwa gavana, ikawa jimbo moja lina magavana wawili. Mtu yeyote mwenye moyo angekuwa upande wao, na mimi nilikuwa upande wao kila nilipolifundisha somo hilo, mpaka niliposoma kifungu cha wapigakura. Kiliandikwa kwa ajili ya wanaume weupe. Watu weusi wa Providence walipeleka malalamiko yao mkutanoni kupitia kwa Alexander Crummell, mhubiri kijana mweusi ambaye baadaye aliishi na kufundisha Liberia kwa miaka mingi, na Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpinga utumwa mashuhuri, alizunguka jimbo akilipinga neno lile moja. Waliosema wanapigania haki za binadamu wote hawakusikia.

Basi wanaume weusi wa Providence wakashika silaha upande wa serikali ya zamani, ile ya wenye ardhi. Dorr akashindwa mwaka 1842. Katiba mpya iliyoanza kutumika mwaka 1843 iliwapa wanaume weusi kura kwa masharti sawa na weupe wazaliwa wa nchi, tukio la pekee la jimbo kuwarudishia weusi kura kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lakini katiba hiyo hiyo ilimbakizia mhamiaji aliyepata uraia, na wengi walikuwa Wakatoliki kutoka Ireland walioelekea kuwaunga mkono Democratic, lile sharti la zamani la ardhi ya dola 134. Lilidumu mpaka mwaka 1888. Washindi walimfungulia mlango aliyewasaidia na kumfungia waliyemhofia, kwa kalamu moja.

Niko tayari kusikia kwamba yote hayo yalisahihishwa na marekebisho ya Katiba ya mwaka 1870, yaliyokataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi. Yalisaidia sana, na sharti la dola 250 la New York lilikufa nayo. Lakini kuanzia Mississippi mwaka 1890, majimbo ya kusini yaliyoshikwa na Democratic yalitafuta njia za kuzunguka kwa kodi ya kura na mitihani ya kusoma, na ilichukua mpaka sheria ya mwaka 1965 kuzifunga. Wanawake wa nchi nzima walisubiri mpaka 1920. Katika kila hatua walikuwapo watu waliodai haki hiyo nje ya chama, kama Purvis na Crummell, kabla ya chama chochote kuona faida ndani yake, na majina hayo ndiyo yanayokosekana katika vitabu tunavyowapa watoto wetu.

Kwa hiyo nina ombi, Mhariri. Magazeti yetu huchapisha makala nyingi kuhusu demokrasia ya Marekani kila nchi hiyo inapoingia katika uchaguzi, na walimu huzikata na kuzibandika ukutani darasani; mimi nimefanya hivyo kwa miaka mingi. Safari ijayo mtakapoandika kwamba New York iliondoa sharti la mali mwaka 1821, chapisheni kifungu kizima, chenye maneno ya kumhusu mtu mweupe na yale ya kumhusu mtu mweusi, yakifuatana kama yalivyofuatana katika katiba yenyewe. Binti aliyeniuliza swali lile sasa ni mtu mzima na pengine ana watoto shuleni. Ningependa walisome likiwa kamili.

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Tanga.